Rangi ya ekzosi haikauki kwa jua

Gari langu la kwanza, Toyota Raum, nililinunua kwa mtu aliyekuwa amelitumia hapa Dar es Salaam miaka minne. Siku ya kulikagua niliinama nyuma nikaona ekzosi nyeusi tii, inang'aa, nikasema moyoni huyu bwana alikuwa anatunza gari. Wiki ya pili, nikitoka Mwenge kwenda Kawe, nikaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua kila nikisimama kwenye taa. Wiki ya tatu rangi ikaanza kutoka maganda maganda, mapana kama ya kitunguu, na chini yake kutu nyekundu mbichi. Pembeni ya mshono palikuwa pamejazwa bondo, ileile ya kunyooshea bodi, nayo ilikuwa imepasuka. Moshi ulikuwa unatokea hapo, karibu na kiti cha nyuma walikokuwa wanakaa wanangu.

Nilikwenda kununua sailensa nyingine, na safari hii nikaamua kuipaka mwenyewe. Tangu hapo nimepaka yangu mara tatu na za ndugu na majirani kadhaa. Nikiulizwa siri ni nini, jibu langu ni hili: rangi ya ekzosi haikauki kwa jua. Rangi ya geti ukiiacha juani kutwa imekauka. Hii ya ekzosi inashika juu tu, ukiigusa unadhani iko tayari, kumbe ndani bado mbichi. Inakauka kwa moto, na moto wenyewe unatoka kwenye injini yako. Ukielewa hilo, hatua nyingine zote zinajieleza.

Tuelewane kwanza kwenye majina, maana dukani yanachanganya. Ekzosi ni mfumo mzima wa kutolea moshi, kuanzia pale bomba linapofungwa kwenye injini, likapita kwenye kopo lenye masega ya kusafishia moshi, hadi nyuma kabisa. Sailensa, ambayo wengine huiita mafla, ni lile kopo kubwa la nyuma linalopunguza kelele. Joto si sawa kote. Karibu na injini, gari likiwa na mzigo, bomba linaweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi. Kwenye sailensa ya nyuma mara nyingi ni kati ya nyuzi 100 na 300, kulingana na mwendo. Rangi ya kawaida ya mafuta huanza kuungua na kubabuka kwenye nyuzi 150 hadi 200 hivi. Ndiyo maana ya geti haiwezi, hata ipakwe kwa ustadi gani.

Rangi ya joto kali imetengenezwa kwa gundi ya silikoni iliyochanganywa na unga wa madini, kama aluminiumu. Ikipata joto la kutosha, sehemu laini za gundi hiyo zinaungua na kuondoka, na kinachobaki ni utando mgumu ulioshikana na chuma. Utando huo ndio unaoutafuta. Kabla ya kuokwa, hata kitambaa chenye petroli kinaweza kuufuta.

Kwanza jua kama inafaa kupakwa

Usinunue rangi kabla hujagonga. Gari likiwa limepoa, chukua bisibisi, ishike upande wa chuma, ugonge kopo la sailensa kwa mpini wake, ukianzia juu ukishuka hadi tumboni na kwenye mishono. Bati zima linalia kwa sauti ya juu, ngo ngo ngo. Bati lililooza linatoa sauti butu kama unagonga boksi, na wakati mwingine utasikia mchanga wa kutu ukimwagika ndani. Ukibonyeza kwa ncha ya bisibisi na bati likazama, acha. Hiyo inahitaji kuchomelewa au kubadilishwa, rangi haitakusaidia.

Upande wa juu wa kopo, unaotazama sakafu ya gari, hauonekani kwa macho. Chukua kioo kidogo cha kunyolea na tochi ya simu, upachungulie. Hapo ndipo matope hukaa msimu mzima bila kuoshwa, na mara nyingi ndipo pameoza zaidi.

Ni muhimu kujua pia kwamba sailensa nyingi zinaoza kutokea ndani kwenda nje. Petroli ikiungua inazaa maji: kila lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Gari likikimbia muda mrefu mvuke huo unatoka wote. Likiwa la kutoka Sinza kwenda Manzese na kuzimwa, mvuke unapoa ndani ya kopo, unageuka maji, na maji hayo yamechanganyika na asidi ya moshi. Ndiyo yale matone unayoyaona asubuhi kwenye ncha ya bomba. Rangi ya nje haizuii hilo. Inachozuia ni kutu ya nje, na kwa hali ya hewa yetu hiyo peke yake ni kazi kubwa. Chini ya sailensa nyingi kuna tundu dogo la kutolea maji, dogo kama kichwa cha kiberiti. Mafundi wengine huliona wakadhani limetoboka, wakaliziba kwa kuchomelea. Liache wazi, na wakati wa kupuliza lilinde lisizibwe na rangi.

Kama kuna tundu lisilokuwa la kiwandani, lichomelewe kwanza. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi, na inaweza kuua mtu aliyelala kwenye gari lenye injini inayonguruma. Kwa hiyo bondo, simenti ya ekzosi na viraka vya kopo la maziwa havina nafasi hapa.

Siku ya kupaka

Dar ina unyevu mwingi hewani karibu mwaka mzima, na upepo wa bahari unabeba chumvi. Chuma ulichokisugua kikawa cheupe saa kumi jioni, ukikiacha wazi usiku Mbezi Beach au Kigamboni, asubuhi kina vumbi la rangi ya chungwa. Kutu hiyo changa inaonekana haina neno, lakini rangi itashika kwenye kutu badala ya kushika kwenye chuma. Kwa hiyo kusugua na kupaka viwe siku moja.

Epuka masika, Machi hadi Mei, na siku za mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Napenda Juni hadi Septemba, mvua ikiwa chache na joto la wastani. Anza kusugua saa mbili asubuhi ili kupuliza kuangukie kati ya saa nne na saa nane mchana. Mapema zaidi ya hapo bati bado lina umande usioonekana. Alasiri upepo huwa umeshika kasi, nao unaleta mchanga.

Dukani

Niliwahi kwenda Kariakoo nikauliza, "Kaka, una rangi ya ekzosi?" Akanipa kopo la silva. Nikaligeuza nyuma nikitafuta namba ya joto, sikuiona.

"Hii inavumilia nyuzi ngapi?"

"Hiyo bosi hata kwenye jiko inakaa."

Nikarudisha. Rangi ya joto kali huandikwa namba yake kwenye kopo, na kama haijaandikwa ihesabu kuwa ya kawaida. Kwa sailensa tafuta iliyoandikwa nyuzi 600 za Selsiasi au zaidi. Angalia herufi inayofuata namba: C ni Selsiasi, F ni Farenhaiti. Nyuzi 1200 F ni kama 650 C, hiyo ni nzuri. Lakini 400 F ni 204 C tu, na watu wananunua wakidhani wamepata 400 kamili. Rangi iliyoandikwa ni ya injini isikudanganye, nyingi ni za joto dogo kuliko la ekzosi.

Chukua nyeusi isiyong'aa au silva. Nyekundu na bluu zinapendeza siku ya kwanza, ila unga wa rangi hizo wengi wake hauvumilii moto, unapauka.

Kopo moja la mililita 400 linatosha sailensa ya gari dogo na kipande chake cha bomba. Kwa gari kubwa kama Noah au Harrier nunua mawili. Ongeza brashi ya waya, msasa namba 80 na namba 120, tina au asetoni lita moja, vitambaa vyeupe vya pamba, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, foili ya jikoni, glovu, miwani ya kazi na barakoa nzuri. Kama fundi wa jirani ana grenda yenye brashi ya waya ya duara, mwombe, itakuokolea saa mbili.

Usinunue praima, yaani rangi ya chini. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kila fundi rangi atakushauri upige ile nyekundu ya kuzuia kutu kwanza. Kwenye bodi na kwenye geti yuko sahihi. Kwenye ekzosi praima hiyo inaungua ikiwa chini ya rangi yako na kuwa majivu, kisha rangi nzuri uliyonunua kwa bei inabanduka pamoja nayo. Dawa nyingi za kugeuza kutu kuwa nyeusi nazo hivyohivyo. Rangi nyingi za ekzosi zimetengenezwa kukaa juu ya chuma kitupu. Ukitaka praima, iwe ya joto kali, namba ileile na kampuni ileile na rangi yako.

Kuishusha

Inawezekana kupaka ikiwa garini, lakini upande wa juu hautaufikia. Nakushauri uishushe. Gari lipoe kabisa, si chini ya saa mbili. Nyunyizia nati mafuta ya kulainisha tangu jana yake, kwa Toyota nyingi spana namba 14 inatosha. Raba zinazoning'iniza sailensa zipake maji ya sabuni, zitateleza zenyewe.

Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki tupu. Viwanja vyetu vingi ni mchanga, jeki inadidimia taratibu bila wewe kujua. Weka ubao mpana chini ya jeki, zuia matairi kwa mawe, na uweke stendi za chuma. Kama huna stendi, lipa fundi aifungue kwenye shimo la gereji.

Kusugua

Hapa ndipo rangi inapodumu au inapokufa, kwa hiyo hapa tukae.

Anza na maji na sabuni, kabla ya brashi. Ukisugua kwanza unaisukumia grisi ndani ya mikwaruzo ya chuma na haitatoka tena. Magari mengi ya mjini yanapigwa oili chafu chini baada ya kuoshwa, wengine wanapiga lami ya kuzuia kutu, na yote hayo huruka hadi kwenye sailensa. Sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ya kufulia vinatoa sehemu kubwa. Suuza, na maji ya mwisho yawe ya bomba la DAWASA au ya mvua. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na sehemu kadhaa za kuoshea magari zinatumia hayohayo. Ukisuuza kwa maji ya chumvi umeipanda kutu chini ya rangi yako mwenyewe.

Ikikauka, piga brashi ya waya. Toa kila kitu kinachotoka: maganda, rangi ya zamani, kutu ya unga. Vaa miwani, nyuzi za brashi ya grenda huwa zinakatika na kuruka. Kisha msasa namba 80 kwa mkono, ukizungusha kwa duara, na mwisho namba 120 kulainisha. Usitafute ulaini wa kioo. Rangi inataka mikwaruzo midogo ya kujishikiza, na chuma kinachoteleza hakiipi.

Mshono ule wa kuzunguka kopo, mahali mabati mawili yamekunjwa pamoja, ndio mahali pa kwanza kuanza kubabuka kwenye kila ekzosi niliyowahi kuiona. Ukipitisha msasa juu yake unaona pameng'aa, unadhani umemaliza. Sasa kunja msasa mara mbili upate ukingo, uingize kwenye mkunjo wenyewe, uvute kama unavyovuta uzi kwenye meno. Utatoka unga mwekundu. Puliza, rudia. Mimi huendelea hadi unga utoke wa kijivu, kwa sababu kijivu ni chuma na nyekundu ni kutu. Mshono mmoja unaweza kukuchukua nusu saa. Fanya vivyo hivyo mahali bomba linapoingia kwenye kopo na kuzunguka vishikio vya kuning'inizia.

Makovu meusi yaliyobaki kwenye vishimo vidogo, ambayo hayatoki kwa ukucha wala kwa waya, yanavumilika. Kutu inayoacha vumbi kwenye kidole haivumiliki.

Kuna mabati ya kuangalia kwa makini. Sailensa nyingi za kiwandani zina ngozi ya aluminiumu juu ya chuma. Kama bado ni nzima, ikwaruze kidogo tu kwa namba 120, usiimalize, maana hiyo yenyewe ni kinga. Zile za kutengenezwa hapa mjini kwa bati la zinki zinateleza sana, rangi haiishiki bila kusuguliwa vizuri. Na kama bati hilo linahitaji kuchomelewa, zinki isagwe kwanza mahali pa mshono na kazi ifanyike pasipo na kuta, moshi wake mweupe unamtia mtu homa ya usiku kucha. Chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, kikiwa kizima kiache kama kilivyo.

Baada ya kusugua, futa kwa kitambaa cheupe chenye tina. Geuza kitambaa upande msafi kila baada ya kufuta mara moja, vinginevyo unahamisha uchafu. Endelea hadi kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Tangu hapo usiiguse kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja cha mtu wa Dar mwezi wa pili lina chumvi na mafuta ya kutosha kuacha alama ya vidole vitano itakayobabuka baadaye ikiwa na umbo lilelile, nimeiona kwa macho yangu. Vaa glovu mpya, au ining'inize kwa waya uwe unashika waya.

Kuziba

Jaza karatasi kwenye midomo ya bomba, na uandike mahali kwamba umeijaza ili usije ukaisahau humo. Ziba kwa tepu nyuso za flanji, yale mabamba ya kuunganishia mabomba, zinapokaa gasketi, nyuzi za nati, na lile tundu la maji. Kama unaipaka ikiwa garini, funika kwa foili na magazeti raba za kuning'inizia, paipu za breki, tangi la mafuta, bampa na kihisi cha oksijeni chenye waya. Kipande cha bomba laini kilichosukwa kwa nyuzi za chuma usikipulizie, kinatakiwa kijikunje.

Kupuliza

Ining'inize kwenye mti au kenchi, kwenye kivuli chenye hewa, mbali na jiko la mkaa, sigara na mtu anayechomelea. Gesi inayosukuma rangi kwenye kopo inashika moto. Kwenye gereji zetu za wazi mchomeleaji anaweza kuwa hatua tano tu kutoka kwako. Mwombe asubiri, au hama.

Tikisa kopo dakika mbili nzima tangu usikie gololi ya ndani inacheza. Unga wa madini ni mzito, unakaa chini, na ukiwa na haraka utapuliza gundi tupu mwanzo na tope mwishoni.

Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye bati, pita kwa mwendo mmoja, achia ukishalipita. Mkono wa kwanza wa rangi uwe ukungu tu, bati bado linaonekana. Ngoja dakika 10 hadi 15. Mkono wa pili uvuke ule wa kwanza, kama wa kwanza ulikwenda kulia na kushoto, huu uende juu na chini. Mkono wa tatu ufunike. Mitatu inatosha. Fundi rangi wa magari amezoea kujaza hadi ing'ae na mkono wake utataka kufanya hivyo hapa pia, mzuie. Bomba la chuma lenye urefu wa mita moja likipata joto la nyuzi 300 linarefuka zaidi ya milimita 3, likipoa linarudi, na hilo linatokea kila siku ya kwenda kazini. Utando mwembamba unalifuata. Mnene unapasuka. Tena hewa ya tina iliyofungiwa chini ya rangi nene ikipata moto inachemka na kutoa malengelenge.

Ukimaliza geuza kopo kichwa chini, bonyeza hadi itoke gesi tupu, ili mdomo usizibe. Rangi itakayobaki itakufaa mwakani.

Iache ining'inie hadi kesho yake, mahali pasipofikiwa na umande. Kisha ifunge kwa uangalifu, ukiishika kwa kitambaa, maana bado ni mbichi.

Kuioka

Soma kopo lako kwanza, kila kampuni ina utaratibu wake, na ukitofautiana na wangu ufuate wa kopo. Mpangilio wa jumla ni kupandisha joto kwa ngazi, na kuacha chuma kipoe kati ya ngazi moja na nyingine.

Fanyia nje kabisa, si kwenye banda wala chini ya paa la uani. Washa injini, iache ingurume bila kukanyaga mafuta dakika 10. Zima, subiri dakika 20. Washa tena dakika 20. Zima, subiri dakika 20. Utaona moshi mwepesi ukitoka kwenye rangi yenyewe, na harufu kali. Hiyo ni kawaida, ndiyo ile gundi laini inayoondoka, lakini usikae hapo kuivuta, na watoto wasiwe karibu.

Ngazi ya tatu ni kuendesha, na hapa wengi wanaishia njiani. Gari likinguruma limesimama, sailensa ya nyuma haifikii joto la kutosha. Foleni ya Ubungo haitoshi pia. Inahitajika barabara iliyo wazi na mwendo usiokatika, nusu saa au zaidi. Mimi huamka Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, naanzia Mwenge nashika Barabara ya Bagamoyo hadi Bunju na kuendelea kidogo, halafu narudi. Nikifika nyumbani nadondosha tone la maji kwenye kishikio cha chuma kisicho na rangi. Likichemka na kutoweka papo hapo, najua joto limepita nyuzi 100 na kitu. Safari ya namna hiyo mara mbili au tatu ndani ya wiki ya kwanza inamaliza kazi.

Kuna wanaoiweka sailensa juu ya mkaa ili kuokoa mafuta. Mkaa unachoma upande mmoja kupita kiasi na kuacha mwingine mbichi, na rangi isiyotimiza siku moja bado ina tina ndani, inaweza kuwaka. Mwenye mashine ya kupuliza hewa ya moto anaweza kuitumia polepole kwenye mishono kabla ya kuifunga, hiyo inasaidia.

Hadi hapo itakapookwa, usiioshe gari chini, usivuke maji. Ukitaka kuhakiki, gari likiwa limepoa, paka tina kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali pa kificho. Kikitoka cheupe, imeiva. Kikitoka cheusi, Bagamoyo tena.

Baada ya hapo

Usipitishe gari la moto kwenye dimbwi kama lile la Jangwani baada ya mvua kama una njia nyingine. Chuma cha nyuzi 200 kikimwagiwa maji ya baridi kinajikunja ghafla, na hata rangi iliyookwa vizuri inapata nyufa ndogo. Ukilazimika, pita polepole usirushe maji.

Anayevuka na pantoni pale Magogoni, au anayeegesha Coco kila wikendi, amwagie chini ya gari maji yasiyo na chumvi mara moja kwa wiki, gari likiwa limepoa. Waambie vijana wa kuosha gari wasikupigie oili chafu kwenye ekzosi. Inaungua juu ya rangi na kuacha ukoko mweusi unaonasa vumbi.

Kila baada ya masika, ingia chini na kile kioo cha kunyolea uangalie mshono na upande wa juu. Ukikuta doa la ukubwa wa sarafu, usingoje. Sugua doa hilo na sentimita mbili kuzunguka hadi kijivu kitokee, futa kwa tina, piga mikono miwili miembamba kwa rangi iliyobaki kwenye kopo, na Jumapili inayofuata uende Bunju.